Kitabu cha Kumpa Jirani

Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike orodha ya vitabu vya kumfaa msomaji wa kila siku, yule asiyesoma kwa ajili ya mtihani wala mshahara, na kila kitabu nikisindikize kwa neno moja au mawili ya kumtia moyo. Ombi ni jema, na aliyeliomba ni mtu ambaye ni vigumu kumkatalia. Hata hivyo nimelikalia miezi miwili, na kila nilipoishika kalamu niliiweka chini tena. Vitabu vya kutaja havikunipungukia. Kilichonizuia ni jirani yangu mmoja, ambaye nitamwelezea punde pasina kumtaja jina.

Naandika kutoka Kintinku, Wilaya ya Manyoni, Mkoa wa Singida. Msomaji wa visiwani ambaye pengine hajapata kulisikia jina hili, na aifuate kwa mawazo Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, apite Morogoro, apite Dodoma, apite Bahi. Kabla reli haijaanza kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni mjini, hapo kwenye tambarare ndipo tulipo. Ni nchi ya Wagogo. Mvua ikituhurumia tunavuna mpunga bondeni, na mtama na uwele kwenye ardhi ya juu. Ikitusahau tunauza mifugo. Bahari hatuna na minazi hatuna, lakini Kiswahili tunacho: kilipita na misafara, kikakaa na reli, kikaota mizizi shuleni.

Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba. Ushairi nilijifunza kwa kusikiliza redio na kuhesabu mizani kwa vidole. Kiingereza nilijifundisha kwa kamusi ya Johnson, ile ya mwaka 1939, nakala iliyokosa jalada pamoja na kurasa zake za mwanzo, ndiyo maana mpaka leo maneno ya Kiingereza yanayoanza kwa herufi A hunitia mashaka. Nayasema haya ili msomaji ajue anashauriwa na nani. Mimi si mhakiki wa chuo. Ni msomaji aliyefika mbele kidogo ya wasomaji wenzake, akageuka nyuma kuwaambia njia ilivyo.

Siku hizi maneno ya kutia moyo yamekuwa bidhaa. Hukatwa kutoka kitabuni kama mnofu unavyokatwa buchani, yakapambwa kwa picha ya maua au jua linalochomoza, yakatumwa kwenye simu za watu asubuhi na mapema. Jiamini. Vumilia. Inuka tena. Mwenye kuyatuma ni mwema, na mwenye kuyapokea hushukuru. Lakini nathubutu kusema kwamba maneno hayo, kwa wingi wake, yanatufundisha kusoma vibaya. Yanatuzoesha kudhani kwamba kitabu ni ganda na neno la hekima ndiyo kokwa, na kwamba mwerevu ni yule anayelifikia kokwa upesi na kulitupa ganda.

Wahenga wetu hawakuwa na uhaba wa nasaha. Ila methali yao haikutembea peke yake. Mtu aliambiwa kuwa haraka haraka haina baraka siku ile ile ya haraka yake, na akaambiwa na mtu aliyemjua. Methali ilingoja kisa, kama ufunguo unavyongoja kufuli. Na wenzetu wa pwani wanajua zaidi habari ya kanga. Mwanamke huchagua kanga kwa maneno yake, lakini maneno hayo hayatimii mpaka aivae, apite mlango fulani, na mwenye mlango ayasome. Ukiyaandika maneno yale yale kwenye karatasi na kuyabandika ukutani, yatabaki herufi tu. Nguvu yake ilikuwa katika nani amemwambia nani, lini, na kwa sababu gani. Neno la hekima lililotengwa na kisa chake halina mwenyewe wala halina anayeambiwa.

Sasa nimrudie jirani yangu. Ni mzee mkulima, aliyepata kufanya kibarua cha reli ujanani mwake. Miaka kadhaa iliyopita alifiwa na mwanawe wa kiume. Baada ya matanga nilimpelekea kitabu. Nilikichagua kwa haraka na kwa nia njema: kitabu chembamba cha maneno ya hekima, cha aina ile isiyokuwa na kisa, ambacho kila ukurasa una sentensi tatu na nafasi nyeupe chini yake. Alikaa nacho majuma mawili. Alipokirudisha kilikuwa kimefungwa kwenye gazeti, na hapakuwa na ukurasa hata mmoja uliokunjika.

Nikamwuliza, "Vipi mzee, umekionaje?"

Akafikiri kidogo, kisha akanijibu kwa upole, "Mwalimu, kitabu hiki kinajua kila kitu."

Huniita Mwalimu ingawa sikupata kufundisha darasa lolote. Sikuwa na la kumjibu. Nilimpa mtu mwenye swali kitabu chenye majibu matupu, na majibu yenyewe yalikuwa ya maswali ya mtu mwingine.

Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja cha kitabu cha kumpa mtu. Najiuliza: je, mwandishi amemwachia msomaji mahali pa kukaa? Kwa kipimo hicho nitavipitia vitabu vichache. Sitavisifu tu, maana kumsifia mtu kitabu bila kumwambia ila yake ni kumuuzia mbuzi gizani.

Tuanze kwa mkubwa wetu. Nadhani hakuna mwandishi wa Kiswahili ambaye maneno yake hukatwakatwa kuliko Shaaban Robert (1909–1962). Ni haki yake kwa kiasi fulani, kwa kuwa alipenda kuandika sentensi inayosimama wima peke yake. Lakini tukitazame Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951. Karama ameshitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka elimu ya sheria ifundishwe nchini. Uhai wake umo hatarini. Mtu aliye katika hali hiyo, tena aliyeumbwa na mwandishi mwenye hazina kubwa ya nasaha, tungemtazamia ajitetee kwa misemo. Karama hakufanya hivyo. Alisimulia. Siku baada ya siku aliieleza baraza habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, na mbinguni, na ardhini, jinsi kila mmoja alivyotaabika kuitafutia nchi yake heri, na jinsi kila mmoja alivyolipwa kifungo aliporudi nayo. Utetezi wake ni visa sita. Baraza inashindwa kumhukumu kwa sababu imelazimika kuwaona watu iliyowafunga, mmoja baada ya mmoja.

Basi huyo ndiye Shaaban Robert ambaye maneno yaliyokatwa hayawezi kutuonyesha. Alijua kwamba mbele ya mwenye nguvu kisa kina uzito kuliko wasia. Kitabu hiki ni kifupi, lugha yake ni nyoofu, na kinamfaa mtu yeyote aliyepata kunyamazishwa katika mkutano. Ila yake ni kwamba majina ya watu wake hutoboa siri mapema. Mtu akishaitwa Majivuno hana tena njia ya kumshangaza msomaji, na dunia tunayoishi ina watu wengi wenye majivuno ambao wamepewa majina mazuri.

Utubora Mkulima, kilichotoka mwaka 1968 baada ya mwandishi kufariki, nakipendekeza kwa tahadhari. Kisa chake ni cha karani anayeacha kazi ya mshahara mjini na kwenda kulima. Mtu wa mjini aliyechoka akikisoma hupata faraja, na hakuna ubaya. Nilimsomea mkulima mmoja wa hapa kurasa kadhaa. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza jambo moja tu: mwaka huo mvua ilinyesha? Swali hilo ni uhakiki kamili. Shamba la Utubora linamtii kwa sababu yeye ni mtu mwema. Shamba la Kintinku halimtii mtu. Mwema na mwovu wote hutazama wingu lile lile. Kitabu kinachoahidi kwamba tabia njema huleta mavuno kinaweza kumtia moyo mwenye duka, na kikamwumiza mkulima ambaye hakuvuna kitu mwaka huo, kwa kuwa kitamfanya ajiulize alikosea wapi.

Kitabu cha pili ninachokishika mkononi ni Peponi. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, alipopewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi, wengi wetu tulifurahi kama watu wanaoshangilia harusi ya jamaa wasiyemjua. Vitabu vyake vilikuwa kwa Kiingereza, na si watu wengi huku bara waliokuwa wamesoma hata ukurasa wake mmoja. Mwaka uliofuata, Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilitoa Peponi, tafsiri ya riwaya yake Paradise ya mwaka 1994. Mfasiri ni Ida Hadjivayanis, ambaye kabla ya hapo alikwisha kutupa tafsiri mpya ya kisa cha Alisi katika nchi ya ajabu.

Riwaya inaanza na mtoto wa miaka kumi na miwili, Yusuf, katika mji wa kubuni wa Kawa. Mji huo ulichangamka Wajerumani walipoufanya bohari ya reli yao, kisha ukanywea. Treni husimama kuchukua kuni na maji. Mtoto yuko kituoni akiwatazama Wazungu wawili, wa kwanza kuwaona maishani mwake. Msomaji wa London huenda akazisoma kurasa hizo kama mandhari ya mbali. Msomaji wa Kintinku anakijua kituo hicho. Reli yetu ilijengwa na Wajerumani hao hao, ikaanzia Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Mji unaochangamka treni ikisimama na kulala treni ikipita, sisi hatuhitaji kuelezwa.

Baba yake Yusuf anadaiwa. Mdai wake ni tajiri Aziz, mfanyabiashara wa misafara ambaye mtoto humheshimu kama ndugu wa wazazi wake. Siku moja mtoto anaambiwa afunge vitu vyake, anapakiwa kwenye treni pamoja na mgeni huyo, na kupelekwa pwani. Huko ndiko anakoelezwa na Khalil, kijana aliyemtangulia, kwamba yule bwana si ndugu yake hata kidogo: yeye Yusuf ni rehani ya deni. Kisa chote kinachofuata, duka, bustani yenye ukuta, safari ndefu ya bara, kinaota juu ya siku hiyo moja ya kituoni.

Hapa niseme kama mfasiri. Paradise ni kitabu cha ajabu kukitia katika Kiswahili, kwa kuwa kwa namna fulani kilikuwa tafsiri tangu mwanzo. Maisha yasemwayo humo, mabishano ya wapagazi, mzaha wa dukani, maamkizi na dua, ni ya Kiswahili na Kiarabu na lugha za bara. Gurnah aliyavusha yakaingia katika Kiingereza, akayaacha baadhi ya maneno ya kwetu yasimame humo kama watu waliovaa kanzu katika ukumbi wa suti. Kazi ya Hadjivayanis ilikuwa kuwarudisha nyumbani. Faida ya kurudi huko ni kubwa, kwani mazungumzo yanapata pumzi yake. Lakini ipo na hasara, na mfasiri mwenzangu ataielewa. Mnyapara katika Paradise humsimamisha msomaji, humfanya ajiulize huyu ni mtu wa namna gani. Katika Peponi anapita kama jirani. Neno lililokuwa likipiga kelele katika lugha ya kigeni linanyamaza likifika kwao. Simlaumu mfasiri, ni ushuru anaotozwa kila mwenye kurudi nyumbani.

Katika jina la kitabu, hata hivyo, Kiswahili kimepata zaidi ya kilichopoteza. Jina la Kiingereza ni la kitu kinachotazamwa kwa mbali. Peponi ni mahali, ni kuwamo au kuelekea huko. Ule mwisho mdogo wa -ni unamtia msomaji ndani kabla hajafunua ukurasa wa kwanza. Na kwa kuwa Yusuf anaipenda bustani isiyokuwa yake, ambayo huingia humo kwa ruhusa ya mtu mwingine, kejeli ya jina inakuwa chungu zaidi kwa Kiswahili kuliko ilivyokuwa mwanzo.

Ila za kitabu hiki ni mbili. Ya kwanza ni kwamba safari ya bara ni ndefu, ina watu wengi, na msomaji ambaye hajazoea riwaya anaweza kuchoka njiani pamoja na wapagazi. Nashauri asomewe kwa sauti, sehemu kwa sehemu. Ya pili ni nzito kwetu sisi tukaao huku. Watu wa bara tumo katika riwaya kama tulivyoonekana na msafara: washenzi, watu wa kuogopwa, au wa kulaghaiwa kwa shanga na nguo. Mwandishi hakubaliani na dharau hiyo. Anaiweka mezani ili tuipime, na mwisho wa safari wafanyabiashara wenyewe wanatoka wamepungua. Lakini kipimo hicho kimo mikononi mwa msafara. Waliosimama kando ya njia wakiutazama ukipita hawapewi nafasi kubwa ya kusema.

Ugogo ilisimama kando ya njia hiyo. Misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika nchi yetu kavu, na ili ipate njia na maji iliwalipa hongo watemi. Neno hongo wakati huo halikuwa na aibu ya leo. Lilikuwa ushuru wa mwenye nchi na mwenye kisima. Kwamba neno la haki ya mwenyeji limegeuka kuwa jina la rushwa ni jambo ambalo mshairi anaweza kulifikiria usiku kucha. Ndiyo maana nasema msomaji wa Kintinku asipewe Peponi peke yake. Apewe pamoja na sauti ya upande wa pili wa njia.

Sauti hiyo ipo. Mathias Mnyampala alizaliwa Ugogo mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Alipata kuwa mwalimu, karani na hakimu, na akawa miongoni mwa malenga wakubwa wa Kiswahili wa zama zake, ingawa Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Sisi tuliosoma shule za msingi miaka ya sabini na themanini tulimjua kwa ngonjera, ambazo yeye na chama cha UKUTA walizieneza nchi nzima baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Nilizikariri nikiwa mtoto, nikasimama mbele ya wageni na kuzitamka huku magoti yakitetemeka.

Ngonjera hizo sizipendekezi kwa msomaji wa leo, na nasema hivyo kwa heshima. Katika ngonjera asiyejua huuliza, anayejua hujibu, na mwisho wote wawili hukubaliana. Mwenye kuuliza haruhusiwi kubaki na swali lake. Ni maneno ya kutia moyo yaliyovikwa vina na mizani, nayo yalipatwa na lile linalowapata maneno ya namna hiyo: sera zilipobadilika, ngonjera zilikosa pa kusimama.

Lakini Mnyampala huyo huyo aliandika kitabu kingine, cha nathari, kilichotoka mwaka 1954: Historia, Mila na Desturi za Wagogo. Humo hakuna anayeshindwa hoja. Mwandishi anakusanya habari za koo na watawala, mila za kuzaliwa na kuoana na kufa, na anaziweka katika Kiswahili ili mtu wa Tanga au wa Unguja naye azisome. Ila yake ni kwamba ni kitabu cha koo na watawala zaidi kuliko cha mkulima mmoja na mkewe, na msomaji asiyekuwa Mgogo huenda akapotea katika majina. Kukipata nako ni kazi. Hata hivyo, kwa kipimo changu cha mahali pa kukaa, kitabu hiki kina uwanja mzima. Kila mzee ninayemsomea hunikatiza: siyo hivyo, kwetu ilikuwa hivi. Atakayetaka kumjua mwandishi mwenyewe na atafute tawasifu yake, Maisha ni Kugharimia, iliyochapishwa mwaka 2013, miaka 44 baada ya kufariki kwake.

Nimtazamishe msomaji jambo moja zaidi. Mwaka aliozaliwa Mnyampala, Ugogo iliingia katika njaa kuu ambayo wazee huiita Mtunya, iliyodumu hadi mwaka 1920. Vita Kuu vilikuwa vimefika. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakosekana. Sasa turudi kwenye Peponi. Riwaya hiyo inaishia pale askari wa Kijerumani wanapokusanya wanaume kwa ajili ya vita hivyo hivyo. Ukurasa wa mwisho wa kitabu cha pwani ndio ukurasa wa kwanza wa njaa yetu. Vitabu viwili vilivyoandikwa na watu wasiokutana, kimoja kwa Kiswahili na kingine kwa Kiingereza, vimepakana kama mashamba mawili yenye mpaka mmoja. Haya hayamo katika kitabu chochote kati ya hivyo viwili. Huyaona yule anayevisoma vyote pamoja, akiwa ameketi mahali fulani.

Cha mwisho katika mzigo wangu ni Kuli, riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1979. Hiki nakipendekeza kwa vijana wetu wanaoshinda kituoni na barabarani wakitafuta kibarua cha siku. Rashidi ni mchukuzi wa bandarini Unguja, na kisa kinatufikisha kwenye mgomo wa wafanyakazi wa mwaka 1948. Maneno ya kutia moyo yanayozunguka siku hizi humwambia kijana maskini kwamba umaskini wake umetokana na udhaifu wa nia yake. Akiamka mapema na kujiamini, mlango utafunguka. Kuli inamwambia jambo gumu na la heshima zaidi: kwamba jasho lina bei, kwamba bei hiyo imepangwa na mtu, na kwamba kuna watu waliokaa pamoja wakakataa kuipokea. Ila ya riwaya hii ni kwamba kila inapokaribia mwisho hotuba huzidi kisa, na Rashidi tuliyempenda kwa upungufu wake huanza kuzungumza kama kijitabu cha chama. Msomaji avumilie. Bandari ya kurasa za mwanzo, pamoja na uzito wa magunia na hofu ya kukosa kazi kesho, itamlipa.

Nilisema nitamrudia jirani yangu. Mwaka jana, msimu wa kiangazi ambapo kazi za shamba zimepungua, nilikwenda kwake jioni na nakala yangu ya Peponi. Sikumwambia kwamba itamfaa. Nilimwambia tu kwamba ni habari ya mtoto wa kituo cha reli, naye akaniambia, "Soma." Nikamsomea barazani mpaka pale mtoto anapopandishwa kwenye treni. Nikafunga kitabu ili nipumzike.

Akaniuliza, "Mama yake alisema nini?"

Nikamjibu kwamba kitabu hakisemi mengi juu ya mama.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba bibi yake mzaa baba alitolewa namna hiyo wakati wa Mtunya, akiwa binti mdogo, kwa vibaba vichache vya uwele. Alirudi nyumbani akiwa mtu mzima, na maisha yake yote hakupata kula mbele ya mtoto kabla mtoto hajala. Mzee alikuwa akilijua jambo hilo tangu utoto wake, na hakuwahi kulisema kwa sababu hakuwahi kuulizwa. Usiku ule ule alizungumza habari za mwanawe, kwa mara ya kwanza mbele yangu tangu matanga. Aliyoyasema si ya jarida.

Kile kitabu chembamba cha hekima kilikuwa na maneno mengi juu ya kufiwa. Peponi haina neno lolote la kumfariji mzee aliyezika mwanawe. Lakini ilikuwa na mama aliyenyamaza, na mzee akaingia katika ukimya huo na watu wake wote. Sidai kwamba riwaya ilimponya. Nasema tu kwamba ilimwachia nafasi, naye akaitumia.

Basi orodha aliyoitaka mhariri ni hii. Aliyenyamazishwa mbele ya wakubwa na apewe Kusadikika. Aishiye kando ya reli, au aliyepata kutengana na mtoto, na apewe Peponi, na mkono wa pili apewe Historia, Mila na Desturi za Wagogo au kitabu chochote cha namna hiyo cha kwao, ili pwani isiseme peke yake. Anayeuza nguvu zake kwa siku na apewe Kuli. Anayetamani kuacha mshahara akalime na apewe Utubora Mkulima, ila kwanza aulize habari za mvua.

Juu ya maneno ya kutia moyo, mhariri anisamehe, sikuyapata. Badala yake nina mwongozo wa mtu aliyekwisha kukosea. Kabla hujampa mtu kitabu, mjue ana swali gani. Mpe kimoja, wala usimpe orodha. Kama macho yake yamechoka au kusoma kwake ni kwa shida, msomee, na akikukatiza mwache akukatize. Mwambie ila ya kitabu kabla hajaikuta mwenyewe. Na usimwulize upesi amejifunza nini, kwani swali hilo huwarudisha watu wazima darasani, na wengi wetu tulitoka huko tukiwa na magoti yanayotetemeka.

Kitabu chembamba cha hekima bado ninacho, kimefungwa kwenye gazeti lile lile. Peponi haipo nyumbani kwangu. Iko kwa mzee, na nimesikia kwamba mjukuu wake wa kike, aliye darasa la sita, ndiye anayemsomea sasa, na kwamba wamekwisha kuufikia msafara. Nimeihitaji mara mbili nilipokuwa nikiyaandika haya, na mara zote mbili nimeifuata huko huko barazani, nikaketi, nikasikiliza.